Kijana Mkulima, Tafuta Kiti Kwenye Bodi Hata Kama Hakilipi



Leo siandiki kuhusu kantangaze wala bei ya mbolea. Najua wengi mnakuja hapa kutafuta dozi, na dozi zipo, mkirudi nyuma mtazikuta. Leo nina neno ambalo nimelibeba muda mrefu. Nataka ninyi vijana mnaolima kibiashara muanze kuingia kwenye bodi za mashirika yasiyo ya kiserikali yaliyopo hapa hapa wilayani kwetu. Kwa kujitolea, bila mshahara. Nauli na chai ya maandazi ukibahatika.

Najua kuna mtu tayari ameguna. Subiri kwanza.

Hapa Kilolo, na Iringa kwa ujumla, hatuna uhaba wa mashirika. Yapo ya watoto yatima, ya wanawake, ya watu wanaoishi na VVU, ya wenye ulemavu, ya mazingira, ya lishe. Sasa angalia yanafanya nini huko vijijini. La yatima linagawa mbuzi. La VVU linafundisha bustani za mboga. La mazingira linagawa miche ya parachichi. La lishe linaleta maharage lishe na viazi lishe. Yaani karibu kila shirika, liwe limeandikishwa kwa kazi gani, mwisho wa siku linafanya kilimo. Halafu chungulia orodha ya wajumbe wa bodi. Utakuta mwalimu mstaafu, mchungaji, muuguzi, mwanasheria mmoja anayekaa mjini. Watu wazuri kabisa, na wengi wamejitolea kuliko mimi nitakavyowahi kujitolea. Lakini mtu anayeamka saa 11 alfajiri kwenda kufungulia maji shambani hayumo.

Hilo lina gharama yake. Mkoa wetu wa Iringa unalisha watu wengi nchi hii, na bado utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 uliukuta ndio unaongoza kwa udumavu, zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano. Mahindi tunayo, maharage tunayo, nyanya zinaoza barabarani Ilula bei ikianguka, na mtoto amedumaa. Fedha zinazokuja kupambana na jambo hilo ni nyingi, na sehemu yake inapitia kwenye mashirika haya madogo ya wilayani. Ni nani anakaa mezani kusema mradi huu utafanya kazi na ule hautafanya?

Nitawapa mfano mmoja, shirika silitaji. Walipata fedha za kujenga kitalu nyumba kwa ajili ya kikundi cha akina mama, walime nyanya mwaka mzima. Bodi ikakaa, ikasoma andiko, ikapitisha kwa kikao kimoja. Kitalu kikajengwa, kizuri, ukikiona kwa mbali unapiga picha. Mimi niliitwa nyanya zilipokuwa zimeshaanza kuweka matunda, kwa sababu zilikuwa zinanyauka mchana na hazirudi jioni. Nikakata shina, nikaliweka kwenye glasi ya maji safi, ule uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka. Mnyauko bakteria. Nikauliza hapa palilimwa nini kabla. Nyanya. Na kabla ya hapo? Nyanya. Miaka nenda rudi, nyanya. Walichukua udongo wenye ugonjwa wakaujengea nyumba.

Sasa kijana yeyote wa Ilula mwenye misimu miwili ya nyanya mgongoni angeuliza hilo swali kabla hata chai haijaletwa. Huhitaji digrii. Huhitaji hata hii stashahada yangu. Unahitaji kuwa umewahi kupoteza nusu eka kwa mnyauko na ukakumbuka.

Mtaniambia, bwana shamba, si wewe upo? Wakuite wewe. Wananiita, tena mara nyingi, ila wananiita kama mgeni mwalikwa. Nafungua mkutano, natoa neno dakika kumi, napigiwa makofi, naondoka kabla ya ajenda ya bajeti. Na hata wakinipa kiti, mimi ni mtumishi wa halmashauri, na halmashauri ndiyo inayoyasimamia mashirika haya huku chini. Ninachoweza kusema kwenye kikao kina mipaka yake. Wewe mwenye shamba lako huna bosi wa kumwogopa pale. Sauti ya anayeuza tenga la nyanya kwa dalali si sawa na sauti ya anayefundisha namna ya kulipanga.

Hoja ninayoisikia zaidi kutoka kwenu ni muda. Hiyo ni hoja ya kweli na siipuuzi. Mkulima wa kibiashara hana Jumamosi. Lakini bodi iliyo sawa haikutani kila wiki, nyingi ninazozifahamu zinakaa mara nne kwa mwaka, na katikati kuna makabrasha ya kusoma na simu mbili tatu. Bodi inayokuita kila wiki inafanya kazi ya watumishi, hilo ni tatizo jingine. Uliza kalenda ya vikao kabla hujakubali. Kama kikao kikubwa cha mwaka kinaangukia Desemba, wakati watu wote wa mvua wako shambani, sema mapema. Ndiyo maana yenyewe ya kuwa na mkulima kwenye bodi, awaambie wengine kwamba Desemba haifai.

Hoja ya pili ni hela. "Nitapata nini?" Sikulaumu kwa kuuliza, umelelewa kupiga hesabu na mimi ndiye niliyekufundisha kuandika daftari la mapato na matumizi. Basi tuhesabu. Kwenye bodi utajifunza kusoma taarifa ya fedha iliyokaguliwa. Utajifunza ajenda, muhtasari, yatokanayo. Utajua kwa nini fedha ya mradi wa maji haiwezi kulipia mafuta ya pikipiki ya mradi wa mbuzi. Vitu hivi vinaonekana vidogo mpaka siku kikundi chenu kinapokwenda kuomba mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, ile 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Nimeona vikundi vya vijana vikifa, na nawaambieni havifi kwa wadudu. Vinakufa kwa sababu hakuna aliyeandika tulikubaliana nini siku ile.

Ila ukienda kwa ajili ya hayo tu, watakujua ndani ya vikao viwili. Wazee wana pua. Vilevile kama unatafuta ngazi ya kugombea udiwani, tafadhali pita upande mwingine. Shirika likishaanza kuonekana ni la mgombea fulani, akina mama wa kile kikundi ndio wanaoumia, wewe utakuwa umeshahamia kwenye kampeni.

Nikija kwenye kutafuta sasa. Kuna kijana wa Ruaha Mbuyuni aliniuliza, "Bwana shamba, naanzaje? Naenda ofisini kwao nawaambia nipeni bodi?" Tulicheka wote wawili, lakini lile lilikuwa swali zuri, maana nafasi hizi hazibandikwi kwenye ubao wa matangazo kama kazi.

Anzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii pale halmashauri. Yeye ndiye anayeyajua mashirika yanayofanya kazi wilayani, yapi yako hai, yapi yamebaki na kibao cha barabarani tu. Kaa naye nusu saa. Muulize lipi linafanya kazi unayoielewa, na lipi ofisi yake iko mahali unapoweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kwa bodaboda. Hili la umbali msilichukulie poa. Bodi ya mkoani inavutia kwa jina, lakini ukikosa vikao viwili kwa sababu ya nauli umeshakuwa jina kwenye karatasi.

Halafu usiende ofisini kwanza. Nenda kwenye kazi yao. Kama wanasema wamegawa mbuzi kijiji fulani, nenda kijiji hicho siku ambayo hawajui, uwaulize waliopewa. Mbuzi wapo? Walizaa? Aliyepewa alimpa jirani mtoto wa kwanza kama walivyokubaliana? Hapo utajifunza zaidi ya ripoti yote.

Ukiridhika, ndipo unamfuata mwenyekiti. Mara nyingi ni mtu mzima, kwa hiyo shikamoo kwanza, na usianze na maombi. Msikilize historia ya shirika, ataieleza tu, wengi wao waliianzisha kwa fedha za mfukoni. Kisha mwambie unachoweza kubeba. Usimwambie "nina uzoefu wa kilimo." Mwambie: "Mzee, nalima eka mbili za vitunguu kwa umwagiliaji mwaka wa nne huu, daftari ninalo, na naweza kuwasaidia kupitia bajeti ya mradi wenu wa bustani kabla haijapelekwa kwa mfadhili." Hilo mtu analishika. Kipitie kitu kimoja, ukimalize vizuri, kwa tarehe uliyosema. Mashirika mengi yana kamati ndogo, ya fedha au ya miradi, na mara nyingi mlango wa bodi unaanzia hapo. Barua rasmi inakuja baadaye, nusu ukurasa unatosha, kwa mwenyekiti, ukieleza unalima nini, unaweza nini, na miezi gani huwezi kabisa.

Soma pia katiba yao inasema wajumbe wanapatikanaje. Kuna mashirika ambayo mkutano mkuu wa wanachama ndio unaochagua, kwa hiyo lazima uwe mwanachama kwanza na ulipe ada. Kuna ambayo bodi yenyewe inateua. Na usichanganye bodi ya wakurugenzi na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA. Hao wadhamini ndio wanaoshika mali za taasisi kwa jina lao, na uzito wake ni mwingine. Ukiambiwa "udhamini ni heshima tu," uliza mali ni zipi na ziko kwa nani.

Hapa nipunguze mwendo kidogo, maana hapa ndipo vijana wanapoumizwa.

Kabla hujasema ndiyo, omba kuona karatasi. Cheti cha usajili kutoka kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, na angalia tarehe, kwa sababu tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019 cheti kina ukomo wa miaka 10, si cha milele. Katiba. Ripoti ya kazi ya mwaka jana na hesabu zilizokaguliwa, maana sheria yao, Namba 24 ya mwaka 2002, inawataka wawe nazo kila mwaka. Mihtasari ya vikao vitatu vya mwisho. Na uliza ni nani wanaotia saini benki. Mwenyekiti anayejua kazi yake atakupa bahasha siku hiyo hiyo, tena atafurahi kwamba umeuliza. Ukiambiwa "hayo utayaona ukishaingia," shukuru kwa chai na uende zako shambani.

Angalia pia majina. Mwenyekiti baba, mhazini mama, katibu shemeji. Hiyo si bodi, hicho ni chakula cha jioni. Wanamtafuta kijana mmoja wa nje ili mfadhili aone sura mpya, na sura hiyo ni yako.

Na usitie saini hundi tupu, hata siku moja, hata mwenyekiti akisema anasafiri kesho na watoto watalala njaa. Jina lako likishaingia kwenye kumbukumbu za shirika, siku fedha zikipotea utaitwa na wewe. "Mimi nilikuwa najitolea tu" haijawahi kumsaidia mtu mbele ya mkaguzi. Kujitolea maana yake hulipwi. Wajibu uko pale pale.

Kuna dada mmoja anayelima vitunguu, jina lake naliacha, aliyeingia kwenye bodi ya shirika la wanawake miaka michache iliyopita. Kikao chake cha kwanza hakusema kitu, alisoma tu. Kikao cha pili wakaletewa ankara kifani ya mabomba ya kunyunyizia dawa ya lita 16 kwa ajili ya vikundi. Akaiangalia, akasema, "Samahani wazee wangu, bomba hili hili nimenunua mwezi uliopita duka la pembejeo, na bei hii ni karibu mara mbili." Kimya. Mkurugenzi akaanza kueleza habari za ubora na usafirishaji. Dada akatoa risiti yake kwenye mkoba. Hakugombana na mtu, hakumwita mtu mwizi. Bodi ikaagiza watafutwe wazabuni watatu, wakapatikana, na kwa fedha ile ile vikundi vikapata mabomba mengi zaidi. Mimi nilikwenda kuwafundisha namna ya kuyatumia, ndivyo nilivyoijua habari yenyewe.

Msimu uliofuata shirika hilo lilitaka kununua vitunguu vya semina, na shamba la karibu lilikuwa la kwake. Bei yake ilikuwa nzuri tu. Akasema kwenye kikao kwamba ana maslahi hapo, akaomba iandikwe kwenye muhtasari, akatoka nje mpaka walipoamua. Wakanunua kwa mwingine. Wapo waliomwona mjinga. Mimi nasema hapo ndipo ile risiti ya mabomba ilipolindwa, kwa sababu angeuza vitunguu vile kimya kimya, mara nyingine akiuliza bei ya kitu wangemwambia na wewe je?

Ninyi wenye maduka ya pembejeo, wenye miche, wenye trekta la kukodisha, mlisome hilo mara mbili. Biashara yako na shirika unalolisimamia zikikutana, sema, iandikwe, toka nje. Na kama lengo lako hasa ni kuwauzia, basi uza, uwe mzabuni kama wengine, usitafute kiti.

Kuna wanaoniuliza mbona sisemi AMCOS, au chama cha wamwagiliaji. Huko nendeni pia, tena huko ni haki yenu kama wanachama, na ushirika una sheria yake ya mwaka 2013 na Tume yake ya kuusimamia. Ila ni jambo tofauti. Kwenye AMCOS unalinda hela yako na ya wenzako mliolima pamoja. Kwenye shirika unalinda fedha iliyotolewa na mtu usiyemjua kwa ajili ya mtu ambaye hawezi kuja kikaoni kuuliza. Akina mama wa kile kitalu hawakuwa na mtu wa kumpigia simu. Mimi naona kazi ya pili ni ngumu zaidi, na ndiyo iliyokosa watu.

Na wakulima kuongoza si jambo geni nchi hii. MVIWATA ilianza mwaka 1993 kule Morogoro, wataalamu wa SUA wakisaidia, na ikajengwa ili wakulima wenyewe wakae kwenye viti vya uongozi, si kuwakilishwa na watu kama mimi. Kinachokosekana ni kijana kuvuka kutoka kwenye mashirika ya wakulima kwenda kwenye haya mengine, la watoto, la lishe, la wenye ulemavu, ambako kilimo kinafanyika bila mkulima.

Wazee wa bodi nao niwaambie, kwa heshima, maana najua wachache mnasoma. Mkimpata kijana msimpe kazi ya kuandika muhtasari na kushika simu ya kupiga picha miaka mitatu mfululizo. Mpeni kamati ya miradi. Atauliza maswali yanayochosha. Atauliza kwa nini mafunzo yamepangwa wakati wa palizi. Mjibuni.

Wewe kijana, muhula wako ukiisha kwa mujibu wa katiba, ondoka, na kabla hujaondoka mlete mwingine anayelima kitu tofauti na chako. Ukiona baada ya mwaka mmoja kwamba huwezi, shamba limekua, mtoto amezaliwa, andika barua ya kujiuzulu na uhakikishe jina lako limetolewa benki na kwa Msajili. Wengi huacha tu kwenda, wakidhani wametoka.

Mvua za Novemba zikianza hakuna kati yetu atakayekuwa na nafasi ya kutembelea ofisi za watu, kwa hiyo miezi hii ya kiangazi ndiyo ya kuzunguka. Mimi Jumanne na Alhamisi asubuhi nipo ofisi ya kata. Ukipata katiba ya shirika na huielewi, ilete tuisome pamoja. Lete na hesabu zao za mwaka jana kama wamekupa. Kama hawajakupa, njoo pia, tutaanzia hapo.